Ruhusa ya Kumsimulia Mzee Roorda

Walikutana sokoni Des Moines, Jumamosi asubuhi, kwenye foleni ya mahindi ya kuchoma. Darla Roorda alivaa gauni la kitani na kofia nyekundu ya timu ya besiboli ya Saint Louis. Wendell Kucera akamtania kwamba kofia imefuliwa mpaka imesahau rangi yake. Darla akacheka, kisha akammwagia malalamiko: hapa Iowa timu sita za majimbo jirani zote zinahesabiwa za nyumbani, na vituo vya televisheni vilivyonunua haki za kutangaza timu za nyumbani vimezuia mechi zao zisionyeshwe mtandaoni hata ulipie, na matangazo yao wenyewe mtaani kwake hayafiki. "Uwanja uko mwendo wa saa tano," alisema. "Nyumbani gani huko?"

Wendell alikuwa karani wa kituo kimojawapo. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu kama Darla na kuwaambia haiwezekani. Badala ya kumwambia hilo, akamnunulia hindi.

Mapenzi yakanoga. Miezi miwili baadaye, kwenye simu iliyoanza na "umekula, mpenzi?", Darla akamtobolea siri: baba yake, Mzee Gerrit, ambaye tangu apate kiharusi hana raha nyingine, anatazama mechi mtandaoni kwa kujiandikisha na anwani ya dada yake wa Oregon, ambako hazizuiwi. Wakacheka mpaka wakakohoa. Wiki hiyohiyo bosi wa Wendell akataka kila karani ataje mtazamaji mmoja anayedanganya anwani. Wengine walitaja, zamu yake ikafika, naye hakuwa na jina jingine kichwani. Akalitaja. Aibu ilimshika palepale, lakini hakurudi kulifuta.

Jumanne mechi zikakatwa kwenye televisheni ya mzee. Darla akapiga simu.

"Mbali na shangazi, waliojua ni mimi, baba na wewe. Niambie si wewe."

"Ni mimi. Nafanya kazi kwao."

"Tangu siku ile ya mahindi?"

"Tangu kabla."

Simu ikakatwa. Wiki mbili Wendell hakuweza hata kujitazama kwenye kioo akinyoa.

Jumapili mchana akajikaza, akabisha hodi kwa akina Roorda, shati limepigwa pasi, kichwa chini. Akamwambia mzee yote. Mzee Gerrit akamwangalia weee. "Kijana, hata adui wa kumtaja huna?"

Redio ilikuwa mezani. Haki za redio huuzwa kando na za televisheni, na mawimbi hayamzuii mtu. Ila masikio ya mzee yalikwisha zamani. "Kaa," akasema, "unisimulie." Wendell akakaa, akawa anamtangazia sikioni kila mpira uliorushwa. Darla alikuwa akiosha vyombo, amemgeuzia mgongo.

Katikati ya mchezo mtangazaji akasoma onyo ambalo Wendell alilikariri kazini. Akainua kichwa kutoka sikioni mwa mzee.

"Kasemaje?" mzee akauliza.

"Kasema ni marufuku kuusimulia mchezo huu bila idhini ya maandishi ya wenye haki."

Darla akafuta mikono, akachukua bahasha kuukuu, akaandika, akaiweka mbele ya Wendell bila kumtazama: *Wendell Kucera anaruhusiwa kumsimulia baba yangu mpaka mechi iishe.* Chini akatia sahihi.

Wendell aliisoma mara mbili, machozi yakimlengalenga. "Na mechi ya kesho?"

"Kesho utaomba upya," Darla akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.