Narudi Jioni

Mimi ni mshona nguo. Cherehani yangu ikisimama na sufuria inasimama, kwa hiyo sina muda wa kukaa chini nikitunga uongo. Haya yalimkuta mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, anayelala chumba cha uani nyuma ya hiki ninachofanyia kazi. Mengine aliniambia, mengine niliyaona kwa macho haya haya yanayotunga uzi kwenye sindano bila miwani. Asiyetaka kuamini aache, sitamshika shati.

Mdogo wangu tunamwita Redio. Utotoni akiamka anasema, akila anasema, usingizini anasema. Alipokua akapata kazi ya mdomo wake: kupokea simu za wateja kwenye kampuni ya maji. Siku nzima anatukanwa na watu ambao mabomba yao yamekauka, naye anawajibu kwa sauti ya asali kwamba suala lao linashughulikiwa. Nilikuwa namtania kwamba analipwa kuomba radhi kwa makosa yasiyo yake, kwa hiyo ameshafuzu, aoe tu.

Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala. Jina lake Meneja, maana mchana kutwa alikuwa amelala sisi wengine tukichapa kazi, na akiamka anapita kukagua. Alipokuwa mdogo geti lilimbana pua, na tangu hapo pumzi yake ikawa na kamluzi. Ungefumba macho ukaingia chumba chochote, ungejua kama Meneja yumo au hayumo.

Kila asubuhi Redio akienda kazini aliinama pale getini, akamshika lile sikio lililolala, akamwambia: "Lala, Meneja. Narudi jioni." Mbwa akishasikia hayo anajitupa kivulini, habari imekwisha. Asipoambiwa, halali. Kuna siku Redio alisahau, na yule mbwa alisimama getini kutwa, maji hanywi, chakula hali, mpaka mwenyewe aliporudi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba huo si ufugaji, hiyo ni ndoa.

Siku ya balaa ilianza kama siku nyingine. Nilikuwa nakata sketi za shule. Redio akapigiwa simu afike kazini upesi, akatoka mbio, vifungo vya shati anavifunga njiani, na pale getini hakusema lolote. Huko walikusanywa ukumbini wakaambiwa simu za wateja sasa zitapokelewa na mashine. Asanteni kwa utumishi wenu, kwaherini. Meneja alisimama getini. Nilimwona kupitia dirishani asubuhi, nikamwona mchana, jua linampiga. Baadaye nikatazama nikaona amelala ubavu, nikafurahi, nikasema leo kajifunza kulala mwenyewe. Redio ndiye aliyerudi akamgusa, akamkuta ameshapoa.

Alimzika hapo hapo uani, chini ya kamba ya nguo. Sanda yake ilikuwa sweta la kazini, lile la bluu lenye nembo ya kampuni kifuani. Nilimwambia sweta bado zima. Akanijibu, "Dada, acha. Wazikwe pamoja." Nikaacha.

Aliyepoteza kazi hupewa pole, aliyepoteza mbwa huchekwa. Majirani walikuja kwa ajili ya kazi, na walipomwona anafuta machozi akitazama kamba ya nguo, wakatazamana. Mmoja akasema si mbwa tu, atapata mwingine. Nilimsindikiza mlangoni, na gauni lake nililishona la mwisho kabisa. Lakini hata mimi sikujua la kumfanyia mdogo wangu. Redio wetu alizimika. Alipita mbele yangu kwenda bafuni na kurudi, salamu anatoa kwa kichwa, na usiku nililia kwa ajili yake.

Kisha bahati ikapiga hodi. Kampuni nyingine ilikuwa inatafuta watu wa kupokea simu za wateja wakiwa nyumbani kwao. Wakamwita kwenye usaili, kwa kompyuta, Alhamisi asubuhi. Siku alipoitwa alikula akamaliza sahani. Halafu Jumatatu kompyuta ikawa bubu.

Alichomoa spika akachomeka, akabadili waya, akazima akawasha. Alama ya sauti ipo, imepandishwa hadi mwisho. Kwenye kioo watu wanachezesha midomo, sauti hakuna. Spika akazileta kwangu, tukazijaribu kwenye simu yangu, zikaunguruma mpaka pini zikaruka mezani. Kwa hiyo spika hazina kosa. Na mtu hawezi kufanya usaili kwa ishara za mikono, tena wa kazi ya kusikia na kusema. Nilimwita fundi.

Fundi huyu ana kibanda cha kompyuta hapo kona, bwana wa makamo ambaye suruali zake zote nimezipunguza mimi. Alibofya hapa, akabofya pale, mwisho akacheka. "Kompyuta haina ugonjwa," akasema. "Inasema vizuri kabisa, ila haisemi na nyinyi. Sauti yote inaipeleka kwenye hedifoni." Akageuza kioo tuone. Hedifoni zisizo na waya, zimeunganishwa, betri imejaa. Akauliza ziko wapi, maana lazima ziwe karibu, ndani ya nyumba hii hii.

Redio akasema zilikuwa za kazini, zile ndogo za kutia masikioni. Akaanza kujipapasa mifukoni. Mkono ukapanda mpaka kifuani, pale sweta lile lilipokuwa na mfuko, ukakaa hapo hapo. Aligeuza shingo akatazama nje, kwenye kamba ya nguo. Nami nikatazama.

Fundi hakujua kitu, akaendelea kusema. Kwamba betri za namna ile hazimalizi siku mbili, lazima kuna mtu anazichaji. Aliirudisha sauti kwenye spika. Ikaenda yenyewe kwenye hedifoni. Akairudisha tena. Ikaenda tena. Basi akasema hedifoni hizo zina maiki, hebu tuone zinasikia nini. Kwenye kioo kukatokea mstari wa kijani, ule unaoruka mtu akisema. Tulinyamaza wote watatu.

Mstari ukaruka. Ukashuka. Ukaruka. Ukashuka.

Fundi alirekodi kidogo, akaihamishia kwenye simu yake, akaifungua. Ilikuwa pumzi. Pumzi nzito, ya polepole, na ndani yake kamluzi.

Tulimweleza kilichozikwa pale uani. Akasikiliza mpaka mwisho, akakusanya bisibisi zake, akaondoka. Suruali yake ilikuwa tayari mezani kwangu, hakuichukua, na mpaka leo ipo. Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilimtazama mdogo wangu nikidhani nitamkuta katika hali kama yangu. Redio alikuwa anatabasamu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siku zilizofuata alijifungia. Mchana, mimi na cherehani yangu, nilimsikia kupitia ukutani anasema, anasema, Redio yule wa zamani. Alikuwa anajirekodi kwa simu, kisha anaipiga sauti hiyo kwenye kompyuta. Sisi wa juu hatusikii kitu. Sauti inakwenda chini.

Jumatano akaniita nikaone. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye mtoto wake ameanza kutembea. Akaipiga sauti yake ikiita jina la Meneja. Mstari wa kijani ukaanza kuruka haraka haraka, kama pumzi za mbwa aliyemwona mwenyewe anakuja. Akapiga nyingine. Hiyo ilisema njoo. Mstari ukatulia. Kisha ukaruka vibaya, juu, juu, juu. Akanisikilizisha kwenye simu kilichorekodiwa. Zilikuwa kucha. Kucha, na udongo unaomwagika.

Nilitoka uani. Jua lilikuwa kali, shuka zangu zinakauka kambani, watoto wa jirani wanacheza. Chini ya kamba udongo ulikuwa umepasuka katikati. Nilirudi nikamuuliza amemwita hivyo mara ngapi. Akasema kila siku tangu fundi aondoke.

Nilimwambia kesho ana usaili, aikate ile kamba isiyoonekana ya hedifoni au nitafukua kwa mikono yangu. Mdogo wangu akalia mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake. "Dada, amesimama," akaninong'oneza. "Siku ile sikumwambia kitu. Bado amesimama." Nilimshika kichwa, nikakaa naye mpaka alipotulia.

Alhamisi asubuhi nilimpigia pasi shati. Akaziondoa zile hedifoni kwenye kompyuta, zikarudi. Akaziondoa, zikarudi. Muda wa usaili unakaribia, nami nasimama nyuma ya kiti chake natafuna ukucha. Mara akachukua simu, akaisogeza mdomoni, akarekodi maneno machache, akayapiga. Niliyasikia alipoyasema: "Lala, Meneja. Narudi jioni."

Mstari uliruka mara moja. Ukashuka polepole sana, kama mbwa anavyoshusha pumzi akijilaza. Ukanyooka. Zile hedifoni zikatoka zenyewe kwenye kioo, na spika zikaamka kwa kishindo. Haikupita muda, sauti ya mwanamke ikasema wanamsikia vizuri sana, karibu. Redio akawajibu kwa ile asali yake. Kazi wakampa hapo hapo.

Nilicheza na futi yangu ya kupimia shingoni. Nilirudi mezani, nikaanza kukunja sketi, na mkono ukasimama. Ahadi ni deni. Mdogo wangu amemwahidi aliye chini ya udongo kwamba jioni atarudi kwake. Na kwa mtu wa chini kuna njia moja tu ya kwenda.

Nilimwendea mbio. "Vaa viatu utoke," nikamwambia. Akauliza aende wapi. "Popote. Jioni urudi kwa geti hilo, kama mtu anayetoka kazini. Umesema utarudi, basi urudi nyumbani."

Hakubisha. Jua lilipozama nikasikia geti linalia. Upepo haukuwepo, lakini kamba ya nguo ilitikisika. Redio akasimama. Suruali yake, pale gotini, ikabonyea kwa ndani, kama imesukumwa na kitu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amerudi. Suruali ile niliifua mwenyewe. Ilikuwa na udongo, na manyoya mafupi ya rangi ya udongo.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kazi anafanyia chumbani, lakini kila siku anaaga getini, anazunguka mtaa, na jioni anarudi. Majirani wanasema anafanya mazoezi. Siku moja alishikwa na homa, hakuinuka kitandani. Kulipokucha, kwenye mkeka ubavuni kwake palikuwa na duara la udongo, ukubwa wa mbwa aliyejikunja. Niliweka kiganja. Palikuwa na joto.

Wiki hii kampuni imewaita mafunzoni, mji wa mbali. Juzi gari lilikuwa linamngoja, mkoba begani, akili iko safarini. Akainama pale getini kwa mazoea yake. Nikamsikia: "Lala, Meneja. Narudi Jumapili." Nilitoka na mkasi mkononi, gari limeshaondoka. Mbwa hajui Jumapili. Mbwa anajua jioni.

Jioni ile nilitoka mimi, nikaingia kwa geti, nikasema kwamba mwenyewe yuko safarini, tuvumilie. Kamba haikutikisika. Jana jioni nikafanya vilevile. Nilikuwa naogopa, na Mungu anisamehe, nilikuwa namhurumia Meneja. Siku ile alisimama juani mbele ya macho yangu, mimi naye tulikuwa tunamngoja mtu yule yule.

Leo asubuhi nimekwenda kuanika nguo. Udongo chini ya kamba umefunguka na kubonyea, kama godoro ambalo mtu ameinuka juu yake. Sweta liko chini humo, limelala tupu, hedifoni juu yake. Nyayo zimetoka pale mpaka getini, zikapita chini ya geti, zikashika njia ile ile iliyoshikwa na gari. Nimezifuata mpaka lami. Za kurudi hakuna.

Nimempigia Redio. Amepokea kwa uchangamfu, mafunzo mazuri, chumba kizuri, watu wakarimu. Nikamuuliza kama yuko peke yake chumbani. Akacheka, akasema yuko peke yake, kwani vipi. Sikujua nianzie wapi. Nikanyamaza, naye akanyamaza akinisubiri niseme, na simu haikuwa kimya.