Dhahabu Juu ya Buluu

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya maonyesho, ukurasa ulikutwa mezani umelowa chepechepe. Miezi mitano ya kazi ya mkono: kifungu cha hadithi kwa kalamu ya tete, herufi ya kwanza ya dhahabu, pembeni maua ya buluu. Wino ulikuwa umechuruzika wote.

Mkurugenzi wa maktaba hakuuliza mara mbili. "Ni mfagiaji. Nani mwingine anabeba ndoo humu? Aondoke."

"Siondoki," alisema mfagiaji. "Nikiondoka, nimekubali."

"Na mimi simruhusu," alidakia Bi Mwandiko, aliyeziandika herufi zile. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenye macho. Alinusa ndoo: sabuni tupu. Akanusa ukurasa: hauna harufu yoyote. Kisha akatazama rafuni, kwenye bilauri ya kusuuzia brashi. Ilikuwa tupu.

Bilauri ile waliitumia wawili tu, yeye na mdogo wake, mtia dhahabu.

"Uliweka dhahabu lini?" alimuuliza.

"Juzi, dada. Jana nikapaka maua, nikaondoka saa kumi."

Bi Mwandiko alichukua lenzi. Kwenye petali za buluu, vipande vidogo vya dhahabu vilikuwa vimeng'ang'ania. Moyo ulimuuma, lakini hakunyamaza.

"Dhahabu hunasa kwenye rangi, ndiyo maana huwekwa kwanza. Hii iko juu ya buluu. Ulianza na maua, na dhahabu umeiweka leo asubuhi, maana maji bado hayajakauka."

Mdogo wake aliinamisha kichwa. "Nilichelewa. Ilipoganda kila mahali niliona aibu. Wangesema miaka ishirini umenifundisha bure. Nikamwaga maji."

"Ukasimama hapa ukisikia mwenzako akisingiziwa!"

"Basi, yaishe kifamilia," alisema mkurugenzi, akitazama saa. "Tuwaambie wageni bomba limepasuka."

"Umemchafua kwa sauti, atasafishwa kwa sauti," alisema Bi Mwandiko. "La sivyo, kazi zangu zote nazishusha ukutani sasa hivi."

Mkurugenzi alizitazama kuta, akasogea pembeni. Bi Mwandiko aliutundika ukurasa vilevile ulivyo, akaweka karatasi mpya mezani na kumpa mdogo wake kalamu. "Andika. Herufi kubwa."

Saa nne wageni walijaa. Mfagiaji alisimama mbele yao na karatasi ile, akasoma: "Ukurasa huu niliuharibu mimi, mtia dhahabu. Mfagiaji hana kosa."

Mkurugenzi alikohoa, akanyoosha mkono kuwaelekeza wageni chumba cha pili.

"Soma tena," alisema Bi Mwandiko. "Wa nyuma hawajasikia."