Vijiti Viwili Katika Wali

Asubuhi ile Mama Qiao aliamka kama siku zote. Akachemsha supu ya kuku, akapika wali, akakata tangawizi vipande vya umbo la nyota. Nyota zile ndizo zilikuwa alama yake. Beijing nzima hakuna mpishi mwingine aliyezikata.

Bwana aliyempikia, Fan Zhongli, alianza kama karani wa kunakili barua. Sasa hakuna ombi lililomfikia Mfalme bila kupita mikononi mwake, na kwa Fan, jamani, mkono mtupu haulambwi. Masikini waliozea gerezani huku maombi yao yakifungiwa masandukuni. Wanafiki nao, bila haya, wakamjengea hekalu angali hai, na sanamu yake ya mbao ndani.

Fan alichovya sindano ya fedha kwenye supu kutafuta sumu. Ikatoka safi. Akaonja, akatema.

"Majivu! Umeniwekea nini, mwanamke wewe?"

"Bwana mkubwa, nimeonja mwenyewe. Ni tamu."

"Mwezi mzima nala majivu! Mpishi aliyekutangulia alisema hivyo hivyo, na unajua alikozikwa. Keshokutwa nisipopata ladha, utamfuata."

 Qiao alijua hakutia kitu. Basi nani? Akamshuku mchota maji. Akamshuku muuza chumvi. Akaishuku hata mikono yake mwenyewe. Mchana akaenda hekaluni kuiangukia ile sanamu, maana mfa maji hukamata maji.

Mbele ya sanamu palikuwa na bakuli la wali. Vijiti vya kulia vilisimamishwa wima katikati yake.

Qiao akaziba mdomo. Hivyo huwekewa wafu tu.

Mtunza hekalu, mjane aitwaye Ruan, alikuwa akifagia.

"Dada, huyu mtu yuko hai!" Qiao alinong'ona.

"Nani kakwambia?" Ruan hakuinua macho. "Mume wangu kafia gerezani akingoja ombi lake lijibiwe. Mimi namlisha bwana wako kila siku. Tena anakula vizuri. Bakuli naliokota tupu."

Qiao akaitazama sanamu. Mashavu yake ya mbao yalikuwa yamenona.

Akarudi mbio, akamsihi Fan alivunje hekalu.

Fan akacheka. "Nani kakutuma? Nivunje heshima yangu kwa maneno ya jikoni?"

Siku ya tatu Fan alirudi kutoka ikulu amesawijika. Mfalme alimwita mara tatu. Aliitika mara tatu. Hakuna aliyemsikia.

Nyuma yake wakaingia askari kumkamata kwa kuudharau mwito wa Mfalme. Wakapekua nyumba, wakayafichua maombi ya watu, sanduku baada ya sanduku. Fan alikuwa amekaa mezani. Wakampita. Qiao peke yake ndiye aliyemwona, labda kwa kuwa yeye tu alimpikia kama mtu aliye hai.

"Yuko wapi?" mkuu wa askari akamfokea.

Fan akamshika Qiao mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nyamaza," akanong'ona. "Nilishe. Nipate ladha leo, la sivyo utakufa."

Qiao akapakua wali. Akaweka nyota ya tangawizi juu. Mkono ukasita. Kisha akavisimamisha vijiti, wima.

Fan akala. Akafumba macho.

"Tamu," akasema, na machozi yakamtoka.

Askari waliona wali ukipungua wenyewe. Wakatoka mbio. Qiao alipoangalia tena, kiti kilikuwa kitupu.

Hekalu likavunjwa kwa amri. Sanamu ilipopasuliwa, kinywani mwake mlikutwa nyota ya tangawizi. Ilikuwa bado na uvuguvugu.

Qiao akarudi kijijini kwao, akaishi peke yake. Asubuhi moja alijipakulia wali, akageuka kuchukua chumvi. Alipogeukia meza, vijiti vilikuwa vimesimama wima.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Akavichomoa, akaonja. Akaongeza chumvi. Akaonja tena. Akaongeza chumvi.