Koti la Saruji

Kila asubuhi Mama Kengele hufagia kanisa la kigango. Huanzia altareni, hupita chini ya tao la mawe, humalizia mlangoni, inaponing'inia kamba ya kengele.

Jina hilo alilipata kwa marehemu mumewe, aliyeigonga kengele hiyo tangu ujana hadi uzee. Mkono wa kulia ulivuta kamba. Wa kushoto aliuegemeza ukutani. Miaka ikaenda, kiganja kikala chokaa, pakabonyea kama kibakuli. Mzee alipofariki, mkewe akawa kila akimaliza kufagia anatia kiganja chake mle. Anatulia kidogo. Kisha anakwenda zake.

Siku moja kifungua mimba wake akaja na saruji.

"Mama, nimempigia baba lipu ya kisasa. Ukuta wote, ndani na nje! Ndiyo kumbukumbu yake."

Mama akasema ahsante. Angesema nini? Mtoto alitoa kwa moyo. Lakini kibakuli kilikuwa kimezibwa.

Masika ya pili yalipokwisha, ukuta ulikuwa unatoka jasho. Rangi ilivimba. Ukungu mweusi ulipanda, benchi la nyuma likaoza. Katekista akaja na habari: wazee wa kanisa wanataka ukuta ubomolewe.

"Waubomoe tu," akasema yule kifungua mimba. "Mawe ya zamani hayo, yamechoka."

Mama akaushika ufagio kwa mikono miwili. Ukuta ukienda, na mahali pa mkono wa mumewe pamekwenda. Akaenda moja kwa moja kwa shemejiye, mdogo wa marehemu, fundi wa nyumba za kale.

"Leo shemeji umenikumbuka! Nilidhani mpaka nife," akatania fundi.

"Ukifa nani atanitengenezea ukuta? Twende."

Fundi akaugonga ukuta kwa vidole, akatega sikio. Akamgeukia mpwawe aliyekuwa amewafuata... la, mwanawe, maana mtoto wa kaka ni wako.

"Kitendawili!"

"Tega, baba mdogo."

"Nina mzee wangu. Alipokuwa uchi alikuwa mzima. Kavikwa koti, anaumwa."

"Shemeji! Uchi kanisani?" Mama akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Nimeshindwa. Nakupa mji," kijana akasema.

"Mzee ni ukuta huu. Waliojenga hapa hawakuwa na saruji. Walichoma mawe ya chokaa kwenye tanuri, wakayazima kwa maji, wakachanganya na mchanga. Ukuta wa mawe hunywa maji ya ardhini. Chokaa huyaachia yatoke, kama mtu anavyopumua. Saruji imeziba pumzi. Maji yamefungiwa ndani."

Kijana akainamisha kichwa. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliua kanisa la baba?"

"Hujaliua. Umelivika koti la plastiki wakati wa jua. Tulivue."

Katekista akawaomba wazee wasubiri, wakakubali. Kwanza waliondoa udongo uliorundikana nje, wakachimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali. Kisha wakaibandua saruji kwa tindo, polepole, wasije wakavunja mawe. Karibu na mlango kijana akapiga nyundo, kipande kipana kikatoka kizima.

"Mama, njoo uone!"

Nyuma ya kipande palikuwa na nundu. Ilikuwa saruji iliyojaa ndani ya kibakuli. Mama akaifumbata. Ilimjaa kiganjani, kama mkono wa mtu.

Kijana akautazama mkono wa mama, kisha kibakuli ukutani. Akajua ni mkono wa nani.

Waliuacha ukuta ukauke kiangazi chote. "Usiwe na pupa," fundi alionya. "Ukipaka juu ya maji, umepaka bure." Walipopiga lipu ya chokaa, walivaa glovu na miwani, kwani chokaa mbichi huunguza ngozi na macho. Walipaka nyembamba nyembamba, wakiinyunyizia maji isikauke haraka. Ukuta mzima ukapata lipu mpya, isipokuwa pale mlangoni.

"Hapo pabaki na chokaa ya baba," alisema kijana.

Masika yakaja, yakapita. Ukuta ulikuwa mkavu kama kigae. Wazee wa kanisa hawakutaja tena kubomoa.

Jumapili moja Mama Kengele alikuwa ameketi benchi la mbele. Nyuma yake kengele ikalia. Alijua ni mwanawe, mkono wa kulia kwenye kamba, wa kushoto kwenye kibakuli. Alijua kabisa.

Hata hivyo hakugeuka. Alifumba macho, akaiacha ilie, mpaka mlio wa mwisho ukaisha.