Daftari la Uji wa Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Khue alipika uji wa mchele wenye samaki na yai, akampelekea bibi yake, kisha akaandika katika daftari la hospitali kiasi kilicholiwa. Mama yake aliwahi kiwanda cha tambi alfajiri, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Khue.

Bibi Nhan alikuwa akitibiwa saratani ya utumbo kwa dripu ya dawa kila baada ya wiki tatu. Lakini majirani pale mjini Sa Dec walimwambia kwamba samaki na mayai hulisha uvimbe. Mgonjwa ale wali wa mchele usiokobolewa kwa ufuta na chumvi tu, uvimbe ufe njaa. Bibi aliamini. Akamsihi Khue ale uji ule yeye, na katika daftari aandike kuwa bakuli limekwisha.

"Kwani uongo? Si limekwisha?" alisema Bibi.

Khue akacheka, akaandika.

Siku ya dozi ya tatu, mizani ilionyesha Bibi amepungua kilo tano. Daktari Thuc alisoma daftari, akatazama mizani, akasoma daftari tena. Akasema leo hawezi kutoa dawa, maana mwili umedhoofika mno. Na kama mgonjwa anakula hivi na bado anakonda, huenda dawa imeshindwa. Itabidi wafikirie kuiacha.

Bibi alimfinya Khue mkono ili anyamaze. Khue aliuvuta mkono wake.

"Daktari, msiiache dawa," alisema. "Uji nimekula mimi. Bibi anakula wali na ufuta tu."

Hakuna aliyemgombeza. Bibi alinung'unika tu, "Ndiyo maana mashavu yamekunona."

Daktari alivuta kiti, akamgeukia Bibi. "Mama, ukifunga wewe, uvimbe haufungi. Mwili ukikosa chakula unakula misuli yake wenyewe. Dawa inapigana humo humo mwilini mwako. Mwili ukianguka, dawa itasimama wapi?"

Walikubaliana: milo midogo sita kwa siku. Wali wa ufuta ubaki, mradi samaki awe juu yake.

Baada ya wiki mbili Bibi aliongezeka kilo moja, akapewa dawa. Dripu ikiendelea, Daktari alimrudishia Khue daftari.

"Hili ndilo jicho langu nyumbani kwenu," alisema. "Ukiandika uongo, mimi namtibu mtu ambaye hayupo."

Kesho yake Khue aliandika: Uji, nusu bakuli. Nusu nyingine amekataa.