Matundu ya Mkongojo wa Bibi

Kila adhuhuri kengele ya chakula ilipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka darasani na wa mwisho kunyamaza. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Lakini wiki ile hakuwa na la kusema. Alisimama langoni pa shule akiitazama barabara mpya, na mwili ukamsisimka.

Lami ilikuwa na matundu madogo ya mviringo, yamefuatana kama nyayo za mtu wa mguu mmoja. Jana yaliishia kwenye kibao cha shule. Leo yamefika langoni.

"Ni bibi yako," rafiki yake alimnong'oneza. "Anarudi kuchukua kiatu chake."

"Koma wewe!"

"Basi ni ya nani? Ya jogoo?"

Mwaka uliopita, jua likiwa utosini, lami ya zamani iliyeyuka kama kawaida yake. Watu walikuwa wamelalamika miaka na miaka. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaondoka na vioo vya magari vimepandishwa. Siku hiyo lami iliung'ang'ania mkongojo wa Bibi katikati ya njia, na lori lililokuja halikuwahi kusimama. Bibi alifariki pale pale, na kiatu chake kimoja kikazama kwenye lami, hakikuonekana tena.

Ndiyo maana kipande hiki kilitandikwa lami ya majaribio. Mama yake Chiriku, fundi wa mtambo wa lami, aliichanganya na unga wa nano, yaani udongo uliosagwa mpaka chembe zake hata darubini ya shule isizione.

"Zikisambaa sawasawa, zinaishika lami isilegee kwa joto," Mama alimweleza. "Zisiposambaa, zinagandamana kama uji wa mvivu. Kazi yote iko kwenye kukoroga."

Hapo ndipo ulimi wa Chiriku ulipofungwa. Jumamosi, kabla lami haijatandikwa, alimpelekea Mama chakula mtamboni. Mama alipotoka kwenda kupima kokoto, msimamizi aliizima mashine ya kukoroga kabla ya wakati, kwa kuwa malori yalisubiri. Chiriku aliona madonge yameng'ang'ania kwenye mwiko wa mashine.

"Umeona nini, binti?" msimamizi aliuliza akitabasamu.

"Sijaona kitu."

"Hapo sawa. Mama yako anaipenda kazi yake, eti?"

Sasa, pale langoni, sauti ilisikika. *Tok.* Hewa ilicheza kwa joto juu ya lami, na ndani yake kikaja kivuli kisicho na miguu. *Tok.* Kimya. *Tok.* Rafiki yake alitimua mbio. Chiriku akalishika lango kwa mikono miwili.

Kivuli kikawa mtu. Alikuwa Babu, ameshika mkongojo wa Bibi.

"Babu! Kumbe ni wewe?"

"Ulitaka awe nani? Wakubwa waliniapia lami hii hailegei. Tangu jana napita na kurudi nikiipima. Sikiliza." *Tok.* Akasogea. Mkongojo ukadidimia bila sauti. "Panaponyamaza, ndipo panapoua. Na mama yako hajui kazi ya ovyo. Kuna mtu amemficha kitu."

Chiriku akaangua kilio, akasema yote.

Jioni hiyo Mama alikata kipande cha lami, akakipasha moto. Madonge yakaonekana.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Alisema kazi yako..."

"Kazi yangu ndiyo hii! Watoto wasife!"

Kesho yake wazazi wa wanafunzi waliifunga barabara kwa mawe na kusimama hapo mpaka mkuu wa mtambo alipokuja mwenyewe. Msimamizi aliondolewa. Lami ikafumuliwa mpaka tabaka la zamani, na humo, bapa kama jani, kilikuwemo kiatu cha Bibi. Babu alikipokea, akakifunga ndani ya koti lake. Hakuna aliyecheka.

Mama alikoroga lami mpya bila kubanduka kwenye mashine. Ilipotandikwa na kupoa, Babu aliipima mchana wa jua kali, akiuegemea mkongojo kwa uzito wake wote. *Tok, tok, tok,* hadi langoni.

"Watu wanasema barabara ilimla bibi yako," alisema. "Uongo. Barabara haina mdomo. Wenye midomo walijua ni mbovu, wakaifumba. Wewe, mjukuu wangu, ukiona baya, sema siku hiyo hiyo, hata aliyekutisha awe na tabasamu."

Chiriku akaushika mkongojo. Njia nzima ya kurudi nyumbani, hakunyamaza.