Indiketa ya Kulia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nyaguthii husimama nyuma ya pikapu ya baba yake na kumwambia ni taa gani inayowaka. Baba yake, Nderitu, hukaa kwenye usukani na kuuliza.

"Breki?"

"Inawaka, Baba."

"Kushoto?"

"Inawaka."

"Kulia?"

Siku moja, walipofika hapo, Nyaguthii alisogea karibu aangalie vizuri. Indiketa ya kulia iliwaka, ikazima, ikawaka tena, halafu ikakataa kabisa. Nderitu alishuka, akaipiga kwa kiganja. Ikawaka.

"Ni balbu hiyo," alisema. "Wanatuletea takataka kutoka ng'ambo, na wakubwa wanaangalia tu. Leo nitapitia kwa fundi Mulongo anibadilishie."

Pikapu ile ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo iliyowalisha. Nderitu alinunua viazi Cheptiret na kuvileta sokoni Eldoret. Nyumbani kwao Langas walikuwa wawili tu. Mama yake Nyaguthii alifariki wakati hospitali haikuwa na dawa, na hakuna mkubwa yeyote aliyeulizwa kwa nini. Tangu hapo, kitu kikiharibika, hata kiwe mfereji wa maji au kiatu, Nderitu hutafuta mtu wa kulaumu. Mara nyingi humpata.

Fundi Mulongo alibadilisha balbu. Indiketa ikawaka vizuri pale pale barabarani, Nderitu akaondoka ameridhika.

Kesho yake alikuwa akirudi na mzigo. Alipofika njia ya kuingilia sokoni aliwasha indiketa ya kulia, akashika breki, akakata kona. Kijana wa boda boda aliyekuwa nyuma yake hakuona taa yoyote ikimeta. Alikuwa tayari ameanza kumpita. Aliposhtuka, alikwepa na kuangukia mtaroni pamoja na pikipiki yake. Bahati nzuri alichubuka kiwiko tu.

"Mzee, unakata kona bila kuonyesha?" kijana alisema huku akijipangusa tope. "Ungeniua."

"Nimeonyesha. Nimewasha kwa mkono wangu huu."

"Umemwonyesha nani? Viazi?"

Watu walicheka. Nderitu hakucheka. Miaka yote aliyoendesha gari hakuwahi kuitwa dereva mbaya. Alienda moja kwa moja kwa Mulongo na kumwambia mbele ya mafundi wengine kwamba amemwekea balbu kuukuu kwa makusudi. Mulongo alijitetea, lakini Nderitu alikuwa amepandwa na hasira.

"Kesho nitaongea na mwenyekiti wenu wa mafundi," alisema. "Mtu kama wewe hafai kupewa nafasi hapa."

Mulongo alikuwa na binti aliyeitwa Seline, na Seline aliketi dawati moja na Nyaguthii. Habari zilifika shuleni siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kutoka.

"Baba yako anasema baba yangu ni mwizi," Seline alisema. Alikuwa amesogeza vitabu vyake hadi ukingoni mwa dawati. "Akifukuzwa pale, tutakula nini? Viazi vyenu?"

"Sikusema mimi."

"Lakini uko kimya."

Neno hilo lilimwingia Nyaguthii, kwa sababu kulikuwa na jambo alilokuwa akilinyamazia. Jumamosi iliyopita baba yake alimwachia kazi ya kupaka rangi sehemu ya nyuma ya pikapu, maana siku ya ukaguzi wa magari ilikuwa karibu. "Paka pale penye kutu," alimwambia. "Nati na waya usiguse." Nyaguthii alitaka rangi itoke laini kama ya gari jipya. Karibu na taa ya kulia aliona waya mweusi umefungwa kwenye bodi ya gari kwa nati, na brashi haikuweza kupita vizuri. Akachukua spana, akaifungua nati, akapaka rangi nzito pale chini, kisha akaurudisha waya juu ya rangi mbichi. Taa ziliwaka. Basi akanyamaza.

Hakuwa na hakika kwamba kosa lilikuwa hapo. Alijua tu kwamba kabla ya Jumamosi indiketa ile haikuwahi kukataa.

Jioni alimkuta baba yake akipiga kiwi viatu vya kwendea kwa mwenyekiti.

"Baba, usiende kwanza."

"Kwa nini?"

"Ule waya mweusi wa nyuma niliufungua. Siku ile ya rangi. Nilipaka chini yake."

Nderitu aliweka brashi chini polepole. Nyaguthii alitazama vidole vya miguu yake na kungoja. Alidhani atapigiwa kelele hadi majirani wasikie.

"Lete spana," baba yake alisema. "Na kile kipande cha waya kilicho chini ya kiti."

Jua lilikuwa bado juu kidogo. Nderitu aliwasha indiketa ya kulia, ikameta. Akamwambia Nyaguthii akae kwenye usukani na kukanyaga breki, naye akaenda nyuma. Mara ile ile indiketa ikafifia, na taa nyekundu ya pembeni ikaanza kumeta isivyotakiwa.

"Kumbe hukataa breki ikikanyagwa," Nderitu alisema taratibu. "Kwa fundi tuliijaribu bila breki."

Akagusisha ncha moja ya kile kipande cha waya kwenye ule waya mweusi, na nyingine kwenye chuma kitupu kisichopakwa rangi. Indiketa ikang'aa, ikameta sawasawa, breki ikiwa imekanyagwa vile vile.

"Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri," alieleza. "Hurudi kwa waya huu, kisha kwa bodi. Wewe umeufungia mlango kwa rangi. Taa ya breki nayo hupitia mlango huo huo, kwa hiyo zikiwaka pamoja umeme hukosa njia. Gari likirukaruka, mlango unafunguka kidogo na kufungwa tena."

Walifungua nati. Nyaguthii mwenyewe alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akasugua na kichwa cha waya, kisha akakaza vizuri. Baada ya hapo Nderitu alisema, "Ingia. Twende kwa Mulongo kabla hajafunga."

Mulongo alipowaona alisimama na bisibisi mkononi, uso umekunjamana. Seline alikuwa kando yake.

"Fundi," Nderitu alisema kwa sauti ambayo wale mafundi wengine waliisikia, "balbu yako ni nzima. Kosa limetoka kwangu nyumbani, na maneno niliyokutupia hapa nayafuta. Nisamehe."

Mulongo alimtazama, kisha akaitazama taa. "Umeipitisha kwenye mashimo?"

"Bado."

"Basi tuipitishe. Mashimo tunayo ya kutosha."

Barabara ile waheshimiwa huikumbuka wakati wa kura tu, na siku hiyo ilifaa kwa mara ya kwanza. Nderitu aliendesha taratibu, akishika breki, huku pikapu ikiyumba kama ng'ombe mgonjwa. Mulongo na wasichana wawili walifuata nyuma kwa miguu. Indiketa haikukosa hata mara moja. Seline alianza kucheka. Nyaguthii akamwomba msamaha pale pale, na Seline akamwambia kwamba kesho atavirudisha vitabu vyake katikati ya dawati.

Nderitu alizima gari, akawaita wasichana karibu.

"Nyaguthii, kupaka rangi pale lilikuwa kosa dogo, la dakika chache na msasa. Ulipolificha likakua. Limemwangusha kijana wa watu mtaroni, na nusura limnyime Mulongo kazi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado ni dogo." Akakuna kidevu. "Na mimi nimejifunza. Wakubwa wana makosa yao, na nitaendelea kuyataja. Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole, nitaangalia kwanza gari langu mwenyewe. Kesho asubuhi tunamtafuta yule kijana, na wewe ndiye utakayemweleza."

"Ndiyo, Baba," Nyaguthii alisema, na safari hii hakuogopa kuinua macho.